Wa mwisho humaliza na nani?

Tangazo la kikundi cha kukimbia lilisema kilomita nane, mwendo wa kawaida, wanaoanza wanakaribishwa. Nilifika mapema, nikajitenga kidogo, nikafungua kamba za raba na kuzifunga upya ingawa zilikuwa sawa. Wenzangu waliitana kwa majina na kutaniana. Mmoja akanyanyua simu juu, tukapigwa picha, mimi nimekatika sikio. Kisha saa za mikononi zikalia karibu kwa pamoja na kundi likaondoka.

Mita mia za mwanzo nilikuwa nao. Kwenye kona ya kwanza niliona migongo. Kwenye ya pili sikuona mtu.

Na njia sikuijua.

Kuwa wa mwisho nilikuwa nimejiandaa nako. Kubaki peke yangu kwenye njia panda, nikibahatisha kati ya kulia na kushoto huku kichomi kimenibana ubavuni, hilo sikuwa nimelifikiria kabisa. Nikarudi nilikotoka, kwa kutembea. Jioni ile picha ikatumwa kwenye kundi la WhatsApp, na chini yake mvua ya makofi na misuli ya njano. "Hongera kwa wote tuliomaliza!" Nami nilikuwemo kwenye picha, bila sikio.

Laiti ningetukanwa, ningekasirika na yakaisha. Lakini hakuna aliyenikosea. Walikuwa watu wachangamfu, wamenisalimia vizuri, na nina hakika aliyeandika lile tangazo aliamini kila neno. Hata hivyo mtu anayeanza angeweza kuondoka pale akijiambia kwamba haya mambo ya kukimbia yana wenyewe. Kwa wiki kadhaa nimekuwa nikijiuliza: kama kila mtu alikuwa mwema, mbona mambo yaliishia vile?

## Hesabu iliyokosekana kwenye tangazo

Nilianza na namba, kwa sababu namba hazina kinyongo.

Kundi lile, kwa rekodi walizoziweka wenyewe kwenye Strava, programu ya simu ya kurekodi mbio, lilikwenda dakika sita kwa kila kilomita. Kwao huo ni mwendo wa kupiga soga. Wangu wa kupiga soga ni dakika nane kwa kilomita, na humo ndani kuna kutembea. Dakika mbili si kitu, mtu atasema. Haya, tuzidishe. Wao wanapomaliza kilomita ya kwanza mimi niko mita 250 nyuma. Ikiwa njia ina kona, nimeshawapoteza. Wanapomaliza ya nane wametumia dakika 48. Mimi nitatumia 64.

Dakika 16 za kusubiri, jasho linapoa mgongoni, watu wana kazi asubuhi, na anayesubiriwa hata jina lake hawalijui.

Mimi mwenyewe nisingesubiri.

Hapo hasira ndogo niliyokuwa nayo iliniisha, ikabaki shaka. Maana kama pengo ni la kihesabu, basi ukarimu peke yake hauwezi kuliziba. Watu wanaweza kukupenda kabisa na bado wakakuacha, kwa sababu miguu yao inakwenda mwendo wake na yako inakwenda wake.

## "Wewe nenda tu"

Ukimwuliza mtu anayekimbia namna ya kuanza na kikundi, jibu lake huwa hilo: wewe nenda tu. Ni ushauri wa mtu aliyekwisha kusahau. Anakumbuka furaha ya siku ya kumi, ile siku ya kwanza imeshamtoka kichwani.

Upande wa pili kuna ushauri tunaojipa wenyewe usiku: ngoja kwanza niwe fiti. Nikiweza kilomita tano bila kusimama, ndipo nitajitokeza. Wengi huucheka huu, wanasema ni woga umevaa nguo za busara. Siku hizi siucheki. Ndani yake kuna jambo la maana, ila limewekwa mahali pa mbali mno. Huhitaji kumaliza kilomita tano ndipo uwafuate watu. Unachohitaji ni kujijua: nusu saa yako, kwa mwendo unaokuruhusu kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, na kutembea kukiwemo, inakufikisha wapi? Yangu ilinifikisha kilomita nne kasoro. Namba hiyo tu, basi. Bila hiyo, kila tangazo utalisoma kwa matumaini, na matumaini hayana kipimo.

Nasisitiza "kutembea kukiwemo" kwa sababu wapo wanaoona aibu. Jeff Galloway alikimbia mita 10,000 kwenye Olimpiki ya 1972, si mtu wa kudharau kukimbia. Mwaka 1974 alipopewa darasa la watu ambao hawakuwa wakimbiaji, aliwachanganyia kukimbia na kutembea, na mtindo huo aliufundisha kwa miongo mingi. Siri yake iko kwenye wakati: unatembea mapema, ungali na nguvu, huku ukijua utaanza tena lini. Anayesubiri mpaka apasuke kifua ndiye anayetembea kwa huzuni.

Na kuna sababu nyingine ya kuujua mwendo wako kabla ya kuingia kundini. Kundi linavuta. Unajikuta umekwenda kasi ambayo peke yako usingeithubutu, na kwa siku kadhaa unajiona shujaa. Mapafu na moyo huzoea haraka. Kano na mifupa huchukua muda mrefu zaidi. Miguu ya anayeanza huumia hapo katikati, pumzi ikisema twende na ugoko ukisema bado. (Maumivu ya kifua hayamo kwenye mazungumzo haya. Hayo ni ya daktari, siku hiyohiyo.)

Niliwahi kufikiri: basi kikundi cha nini? Si nikimbie peke yangu nimalize kelele? Kisha nikamkumbuka Eliud Kipchoge mjini Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019. Ili akimbie marathoni kwa saa 1:59:40, wakimbiaji 41 walipokezana kumkinga upepo na kumshikia mwendo. Kama yeye alihitaji 41, sioni haya kusema kwamba mimi nilihitaji mmoja. Wa kunionyesha kona.

## Mzee wa Auckland

Katika kusomasoma nilikutana na kisa ambacho sasa nakibeba kila mahali.

Mwaka 1962 kocha Arthur Lydiard wa New Zealand alisaidia kuanzisha klabu ya mbio za pole mjini Auckland. Huyu alikuwa kocha wa mabingwa: vijana wake Peter Snell na Murray Halberg walikuwa wametoka na dhahabu kwenye Olimpiki ya Roma ya 1960. Lakini klabu hii ilikuwa ya watu wa kawaida, watu wazima wenye vitambi, baadhi yao waliokwisha kuugua moyo. Haukupita muda akatembelewa na Bill Bowerman, kocha wa riadha wa Chuo Kikuu cha Oregon, mtu wa miaka hamsini na kitu, ambaye baadaye angeanzisha na mwanafunzi wake wa zamani kampuni inayoitwa leo Nike. Wakamkaribisha akimbie nao.

Bowerman akaachwa. Kocha wa wanariadha wa Marekani, mtu wa kusimama uwanjani na saa mkononi, akabaki nyuma akihema. Aliyepunguza mwendo akakaa naye, akimwongelesha njia nzima, alikuwa mzee aliyevuka miaka 70 na ambaye moyo wake mwenyewe ulikuwa umewahi kumwangusha.

Bowerman aliporudi Oregon alianzisha madarasa ya mbio za pole kwa wakazi wa mji wake, akashirikiana na daktari wa moyo kuandika kitabu juu yake, na Wamarekani wengi wakaanza kuonekana barabarani na raba.

Wanaosimulia kisa hiki humtukuza Bowerman au Lydiard. Mimi nakaa na yule mzee. Asubuhi ile naye alikuwa na mbio zake za kukimbia, akazitoa sadaka kwa mgeni mwenye kiburi kilichovunjika. Kama angeamua kwenda na wenzake, nani angemlaumu?

Lakini, na hapa shaka yangu ilirudi kwa nguvu, huwezi kujenga kikundi juu ya bahati ya kuwa na mzee kama yule. Kuna siku hatakuja.

## Waliolipanga badala ya kuliombea

Jibu nililipata kwa watu ambao, kwa njia tofauti kabisa, waliacha kutegemea hisani.

Wa kwanza ni parkrun, mbio za kila wiki. Tarehe 2 Oktoba 2004, Paul Sinton-Hewitt aliwakusanya watu 13 wakimbie kilomita tano kwenye bustani ya Bushy Park, London. Yeye mwenyewe hakukimbia. Alikuwa majeruhi, akatafuta namna ya kuendelea kuonana na rafiki zake. Napenda kwamba jambo hili lilianzishwa na mtu ambaye siku hiyo asingeweza kumpita yeyote. Leo liko katika nchi zaidi ya 20, asubuhi ya Jumamosi mahali pengi, bila kiingilio. Nalo lina kazi moja ya kujitolea ambayo ningeipa nishani: kuna mtu aliyepangiwa kumaliza wa mwisho. Akija mtu anayekokota miguu, yule wa kujitolea yuko nyuma yake. Kwa hiyo nafasi ya mwisho imeshachukuliwa kabla hujafika, na kila anayesimama pembeni ya njia anajua kwamba watu hawajaisha mpaka yeye apite.

Wa pili ni wahuni kidogo. Hash House Harriers walianza Kuala Lumpur mwaka 1938, Waingereza wa ofisini waliotaka kukimbia na kisha kunywa bia, na katika malengo waliyoandikisha lilikuwemo la kuwashawishi wanachama wazee kwamba hawajazeeka kama wanavyojihisi. Mmoja hutangulia kuweka alama za njia, wengine humfuatia. Sasa, alama nyingine ni za uongo. Wenye mbio wanakimbilia njia isiyo na mwisho, wanagundua wamedanganywa, wanarudi; wakati huo wazito wameshafika njia panda na kupumua. Kasi inaadhibiwa kwa mchezo. Hakuna aliyeombwa apunguze mwendo, na bado kundi linamaliza pamoja.

Wa tatu hana mwenyewe, ni ujanja wa makocha wa kila mahali. Watu hawapewi umbali, wanapewa muda: dakika 20 kwenda, dakika 20 kurudi, kwa njia ileile. Kila mtu anakwenda mwendo wake. Saa ikigonga 20, unageuka hapohapo ulipo. Na hapo mambo yanapinduka: wenye kasi wako mbali kabisa huko mbele, wewe uliyekuwa mkiani ndiye unayeongoza njia ya kurudi. Wanakuja nyuma yako mmoja mmoja, kila mtu akishika mwendo aliokwenda nao, na kwenye mstari mnafika karibu pamoja. Ukianguka njiani, kuna watu nyuma yako.

Siku nilipouelewa huu wa tatu niliuchora kwenye karatasi, mishale ya kwenda na mishale ya kurudi, nikacheka peke yangu mezani.

Pengo la dakika 16 lilikuwa limekwenda wapi? Lipo, ila halimwangukii mtu mmoja tena.

## Kutafuta, sasa

Vikundi vyenyewe havijifichi. Waulize wauzaji wa duka la raba za kukimbilia, tazama mbao za matangazo uwanjani, fungua sehemu ya klabu kwenye Strava, waandikie waandaaji wa mbio za mji wako, maana wengi huwa na mazoezi ya pamoja kabla ya siku yenyewe. Au msimamishe mtu unayekutana naye kila asubuhi mkipishana. Huenda naye anakutafuta. Hilo ni la dakika chache. Kazi iko kwenye kusoma ulichokiona.

Mimi huanza na picha. Ya mwanzo wa mbio haikwambii kitu, kila mtu bado anang'aa. Tafuta ya mwisho, ile ya mashati yaliyolowa, halafu hesabu vichwa. Kama walianza wengi na waliopigwa picha mwishoni ni nusu yao, ile nusu nyingine ilikwenda nyumbani kwa njia zake. Kwenye Strava usihangaike na aliye juu ya orodha. Teremka mpaka chini kabisa, uone mtu wa polepole kuliko wote alikwenda mwendo gani, na kama ni yuleyule kila wiki au anatokea mara moja na kupotea. Matokeo ya parkrun nayo huwekwa mtandaoni, kuanzia wa kwanza hadi aliyemaliza nyuma ya wote. Kama kuna watu wa dakika 45 na 50, wewe wa dakika 40 unakwenda kuwa katikati yao.

Halafu mwandikie anayeongoza. Ujumbe wangu ulikuwa mfupi: "Habari za leo. Mwendo wangu ni dakika nane kwa kilomita na huwa natembea katikati. Wa mwisho humaliza na nani?"

Majibu yalinifundisha kuliko matangazo. Mmoja aliniambia nisijali, nitazoea tu. Mwingine, kwa uchangamfu wote, akasema hawamwachi mtu. Ni neno zuri, nami nilikuwa nimeshalisikia. Wa tatu alinijibu kwa jina la mtu. Jina, na kwamba njia ni ya kwenda na kurudi, na kwamba wakifika huhesabiana.

Kuhesabiana ni jambo ninaloliwekea uzito, hasa kwa wanawake, hasa giza likiwa limeingia. Kundi ambalo halijui limeanza na watu wangapi haliwezi kujua limempoteza nani.

## Funguo

Nilipofika kwa hawa wa tatu, walionijibu kwa jina, mtu wa kwanza kunisogelea alikuwa kaka mmoja mnene kiasi, amejifunga mkanda wa kukimbilia uliovimba.

"Dada, wewe ndiye mgeni wetu? Karibu. Nipe funguo zako."

Nikashangaa. Kila mtu alikuwa akimpa zake: za gari, za pikipiki, za mageti. Alizifunga kwa raba ya nywele ili zisilie, akazisokomeza kiunoni, akavuta zipu kwa shida. Huyo ndiye aliyekuwa akikimbia wa mwisho siku ile. Ukitaka kwenda kwako, mngoje.

Sijui nani aliubuni mpango ule, na wao wenyewe walibishana nilipouliza. Lakini angalia kazi yake. Hakuna anayehitaji kukumbushwa kungoja. Hakuna hotuba ya upendo. Mwenye kasi kuliko wote anafika, ananyoosha viungo, anaangalia barabara, kwa sababu geti la nyumbani kwake liko kiunoni mwa mtu anayekuja polepole akiongea na mimi.

Na tuliongea. Aliniuliza kazi yangu, akanipa habari za goti lake, akaniambia tutembee mpaka nguzo ile halafu tuanze tena. Tulipofika watu walikuwepo. Wote. Wakapiga makofi, nusu kwa ajili yangu, nusu kwa ajili ya funguo zao.

## Mkia unaopotea

Ningependa kuishia hapo, lakini kuna jambo limeanza kunisumbua upya.

Nimeanza kwenda kasi. Si sana, ila namba yangu si ile tena, na kuna jioni nimejikuta katikati ya kundi bila kukusudia. Nikageuka nyuma: mwenye funguo alikuwa peke yake.

Ndipo nikaelewa, nadhani, yaliyolikuta lile kundi la mwanzo. Nilimuuliza baadaye mwanachama wao mmoja wa zamani. Akasema walipoanza wote walikuwa wazito, wakitembea nusu ya njia, na tangazo lile waliliandika wakati huo. Wakaendelea kukutana, wakazoea, wakaenda kasi zaidi wote kwa pamoja, na maneno ya tangazo yakabaki palepale. Hakuna aliyeufukuza mkia. Uliota miguu ukaja mbele.

Kwa hiyo kikundi kizuri kwa anayeanza kina tabia ya kujimaliza. Kadiri kinavyofanya kazi yake vizuri ndivyo nyuma kunavyobaki wazi, na anayekuja mwezi ujao na dakika zake tisa kwa kilomita atawakuta watu wazuri, wachangamfu, wanaokwenda zao.

Nimelipeleka suala hili mbele ya wenzangu. Wapo waliosema tugawanyike makundi mawili kwa kasi. Naliogopa hilo, kwa kuwa kundi la polepole likiishiwa watu wiki mbili mfululizo litakufa na hakuna atakayegundua. Wapo waliotaka yule kaka aendelee kwa kuwa amezoea, naye akakaa kimya kwa namna ambayo mimi niliielewa: goti limepona, na mwaka huu anataka kukimbia nusu marathoni. Tukabishana mpaka giza. Mwishowe tukakubaliana kupokezana, kila wiki mtu wake, wenye kasi wakiwa wa kwanza kwenye orodha ili wajue nyuma kukoje.

Wiki ya kwanza ilimwangukia mkimbiaji wetu mwepesi kuliko wote. Alilalamika kwamba miguu inamuuma kwa kwenda taratibu, jambo lililotuburudisha sana. Jumanne ijayo ni zamu yangu. Kuna mgeni ameandika kwamba atakuja, ameuliza swali moja tu, nami nimemjibu kwa jina langu. Kilichobaki ni mkanda wenye mfuko mpana zaidi. Wa kwangu hauingizi hata simu.